Lugha, Maumivu na Imani ya Mgonjwa: Tiba ya Viungo katika Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Mwaka 2021, mwandishi wa makala hii alipokuwa akikamilisha shahada ya kwanza, mama yake mzazi alianza kuumwa na kiuno. Mama huyo ni mkulima mdogo wa majani chai katika miteremko ya Othaya, Kaunti ya Nyeri, na kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa amebeba kikapu cha chai mgongoni hadi kituo cha kununulia majani. Alimeza dawa za kutuliza maumivu kwa miezi minne, kisha akapelekwa hospitalini. Huko alipigwa picha, akaelezwa kwamba pingili za uti wake wa mgongo "zimechakaa", na kutumwa katika chumba cha tiba ya viungo. Alifanyishwa mazoezi kwa dakika chache, akapewa karatasi yenye michoro na maelezo ya Kiingereza, na kuagizwa arudi kila wiki kwa muda wa wiki sita. Alirudi mara moja tu. Karatasi ile ilikunjwa na kuwekwa ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani, na haikufunguliwa tena kwa muda mrefu.

Alipoulizwa na watoto wake sababu ya kuacha tiba, alijibu hivi: "Kitu kilichochakaa hakivutwi, mwanangu. Ukikivuta kinakatika."

Ni rahisi kulichukulia jibu hili kuwa la mtu asiyejua. Hata hivyo, tukilichunguza kwa makini, tutaona kwamba ni hitimisho la kimantiki kabisa. Mama aliambiwa neno, akalielewa neno hilo jinsi msemaji yeyote wa lugha angelielewa, kisha akatenda kulingana na maana aliyoipata. Nguo iliyochakaa haivutwi. Kamba iliyochakaa haifungiwi ng'ombe. Kwa nini mgongo uliochakaa ukunjwe na kunyooshwa mara kumi asubuhi na mara kumi jioni?

Makala hii inanuia kueleza jinsi imani ya mgonjwa katika tiba ya viungo inavyojengwa au kubomolewa, hasa pale ambapo tiba hiyo imekusudiwa kupunguza maumivu ya muda mrefu. Hoja yetu kuu ni kwamba imani hiyo haipatikani kwa kumsihi mgonjwa wala kwa kumkemea. Hupatikana anapoelezwa maana ya maumivu yake kwa lugha anayoimiliki, kisha akaachwa athibitishe maelezo hayo kwa mwili wake mwenyewe, hatua kwa hatua. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kazi ya lugha, tunaamini kwamba mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi ndani yake.

Dhana ya imani

Kabla ya kuendelea, yafaa tubainishe tunachokusudia tunaposema "imani". Katika Kiswahili tunaweza kutofautisha mambo matatu. La kwanza ni kuiamini tiba, yaani mgonjwa kukubali kwamba mazoezi yanaweza kumsaidia mtu mwenye maumivu. La pili ni kumwamini mtoaji wa tiba: kuona kwamba anajua kazi yake na anamtakia mgonjwa mema. La tatu ni kujiamini, yaani mgonjwa kuona kwamba yeye mwenyewe ana uwezo wa kufanya jambo fulani licha ya maumivu.

Mambo haya hayaendi pamoja daima. Mama tuliyemtaja hapo juu alimwamini sana mtaalamu aliyemhudumia. Alimwita "daktari", akamwitikia kwa kichwa kila alipoulizwa kama ameelewa, na baadaye akamsifu nyumbani kwa upole wake. Lakini hakuiamini tiba, na zaidi ya yote hakuuamini tena mgongo wake. Heshima aliyompa mtaalamu ndiyo iliyomzuia kusema hivyo. Katika jamii zetu za milimani, mgonjwa mwenye adabu hambishii aliyesoma. Huitikia, hushukuru, kisha haonekani tena.

Maumivu na madhara

Msingi wa tatizo hili ni dhana iliyoenea kwamba maumivu ni kipimo cha madhara: kadiri mtu anavyoumwa ndivyo mwili wake unavyoharibika. Kwa maumivu ya ghafla, dhana hii haiko mbali na ukweli. Mtu akikanyaga mwiba, maumivu humwonya, naye huinua mguu. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu, hata hivyo, hupaswa kutazamwa kwa namna nyingine.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Maumivu lilitoa fasili ya maumivu mwaka 1979 na kuirekebisha mwaka 2020. Kwa mujibu wa fasili hiyo mpya, maumivu ni tajriba isiyopendeza ya hisi na ya nafsi, inayohusiana na kudhurika kwa tishu za mwili au inayofanana na ile inayohusiana na kudhurika huko. Maneno "inayofanana na" yana uzito. Yanakubali kwamba mtu anaweza kuumwa kwa kweli kabisa hata pale ambapo hakuna jeraha jipya. Shirika hilo liliongeza kwamba mtu anaposema anaumwa, kauli yake inapaswa kuheshimiwa. Wahenga wetu walikwisha kulisema hilo kwa njia yao: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tunaweza kulieleza jambo hili kwa mfano wa mbwa wa boma. Mwizi akiingia usiku, mbwa hubweka, na ni vizuri abweke. Lakini mbwa akishatishwa mara nyingi, huweza kubweka hata mwenye boma anaporudi kutoka sokoni au jani linapoanguka juu ya bati. Kubweka ni kwa kweli, ila mwizi hayupo. Mfumo wa neva wa mtu aliyeumwa kwa muda mrefu huweza kuwa na hali hiyo. Mbwa huyo hatulizwi kwa kumfungia mwenye boma nje. Hutulizwa kwa kumzoesha tena hatua za watu wa nyumbani, na hiyo ndiyo kazi ya mazoezi yanayopangwa kidogo kidogo.

Vipi basi kuhusu picha? Utafiti wa mapitio uliochapishwa mwaka 2015 ulikusanya matokeo ya picha za uti wa mgongo za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Dalili za kuzeeka kwa diski zilikadiriwa kuwepo kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 80 ya wenye miaka 50 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa maneno mengine, "kuchakaa" kunakoonekana kwenye picha ya mama wa miaka 50 kunafanana sana na mvi zake. Kupo, lakini peke yake hakutoshi kueleza kwa nini anaumwa.

Tatizo lenyewe si dogo. Inakadiriwa kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa wakiumwa na mgongo wa chini. Mwezi Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu ya muda mrefu ya mgongo wa chini ambayo hayana chanzo mahususi cha ugonjwa. Miongoni mwa yaliyopendekezwa ni kumwelimisha mgonjwa na kumpa mpango wa mazoezi. Miongoni mwa yasiyopendekezwa kwa matumizi ya kawaida ni mishipi ya kiuno, ile ambayo wengi wetu tumewaona wazazi wetu wakiivaa chini ya sweta.

Mazingira ya Mlima Kenya

Huduma ya tiba ya viungo si ngeni katika eneo hili. Hupatikana katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri, na vilevile katika hospitali zilizotokana na misheni kama vile Consolata Mathari na Tumutumu. Taaluma yenyewe imetambuliwa kwa Sheria ya Wataalamu wa Tiba ya Viungo ya mwaka 2014, iliyoanzisha baraza la kuisimamia. Wataalamu basi wapo. Kinachotushughulisha ni kile kinachotokea kati ya mlango wa chumba chao na nyumba ya mgonjwa.

Nyumba hiyo mara nyingi iko mgongoni pa nchi. Katika Kigikuyu, mũgongo ni mgongo wa mtu, na rũgongo, neno la mzizi uo huo, ni kilima kirefu kilicholala kati ya mito miwili. Watu wa Tetu, Othaya, Mathira na Mukurweini huishi juu ya migongo hiyo, hulima kwenye miteremko yake na hushuka mabondeni kuchota maji. Kwa vizazi vingi wanawake walibeba kuni na maji kwa mũkwa, ule ukanda wa ngozi uliopitishwa juu ya kipaji cha uso, mzigo ukiwa umelala mgongoni. Leo kuna kikapu cha chai, gunia la kahawa wakati wa mavuno, ndoo ya maziwa, na mikokoteni katika soko la Karatina. Mgongo katika eneo hili ni chombo cha kazi na pia alama ya utu uzima. Mtu asiyeweza kubeba huanza kujiona mzigo.

Katika mazingira hayo, agizo la "kufanya mazoezi" hukutana na vikwazo kadhaa. Kwanza, neno mazoezi humkumbusha msikilizaji somo la michezo shuleni au askari wa gwaride. Mtu aliyechuma chai tangu alfajiri huona ajabu kuambiwa kwamba anahitaji mazoezi. Pili, hospitali katika fikra za wengi ni mahali pa sindano na vidonge. Kutoka huko mikono mitupu ni kama kutohudumiwa. Wengi wangependa angalau wakandwe, kwa kuwa kukandwa ni tiba inayojulikana tangu jadi na inatuliza papo hapo. Tatu, safari yenyewe ina gharama. Siku ya kwenda mjini kwa matatu ni siku ya chai isiyochumwa. Nne, na hili ndilo linalowakimbiza wengi, siku ya pili baada ya mazoezi ya kwanza mwili huuma zaidi. Mgonjwa ambaye hakuonywa mapema huona kwamba hofu yake imethibitishwa.

Istiari na msamiati wa maumivu

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuichunguza istiari katika shairi na riwaya. Ni nadra kuichunguza katika chumba cha matibabu, ilhali huko ina nguvu ya kumfanya mtu asimame au akae. Tutazame mifano michache inayosikika sana.

"Magoti yameisha mafuta." Kauli hii huuchukua mwili kuwa gari. Gari lililoisha mafuta ya injini huzimwa mara moja, maana likiendeshwa litaharibika. Mgonjwa naye hujizima: hukaa. Lakini goti si injini. Gegedu na majimaji ya kiungo hunufaika na mwendo wa kadiri, na misuli ya paja isipotumiwa hulegea, na goti likazidi kulemewa.

"Diski imetoka." Msikilizaji huona kitu kilichochomoka mahali pake kama bawaba ya mlango, na ambacho kitazidi kuchomoka akiinama. Ingekuwa sahihi zaidi kusema kwamba diski imevimba au imejitokeza upande mmoja, na kwamba hali hiyo mara nyingi hupata nafuu bila upasuaji.

"Mshipa umebanwa." Hapa utata umo katika msamiati wenyewe. Neno mshipa katika Kiswahili hutumika kwa njia ya damu, kwa neva, kwa kano au msuli, na hata kwa ugonjwa wa ngiri. Mtaalamu akisema "mshipa" akiwa na maana ya neva, mgonjwa anaweza kuelewa kwamba damu haipiti, na kwamba mguu utaoza. Ingefaa kutumia neno neva, kisha kulieleza: ni kama waya unaopeleka habari kati ya mwili na ubongo.

"Uti wa mgongo." Istilahi hii ni sahihi, lakini kwa Wakenya wengi imefungamana na homa ya uti wa mgongo, ugonjwa unaoua. Mgonjwa anayeambiwa kwamba ana "shida ya uti wa mgongo" huweza kutoka akiwa na hofu ambayo mtaalamu hakuikusudia.

"Baridi yabisi." Jina hili la maumivu ya viungo limetokana na tiba ya kale iliyoeleza magonjwa kwa hali nne za joto, baridi, unyevu na ukavu, yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kitu kikavu. Nadharia hiyo imekwisha kuachwa na sayansi, lakini jina limebaki, nalo linafundisha. Katika baridi ya Julai huko Nyeri, mwenye baridi yabisi hujifunika blanketi na kuketi karibu na jiko, kwa kuwa jina la ugonjwa limemweleza adui yake ni nani. Joto humpa faraja, na hilo si kosa. Kuketi mchana kutwa ndiko kunakomkaza viungo.

Hatusemi kwamba istiari ziondolewe. Haiwezekani kuueleza mwili bila istiari. Tunasema kwamba istiari ichaguliwe kwa kuangalia tendo itakalozaa. Mfano wa mbwa wa boma tulioutaja una kasoro zake, lakini humwelekeza mgonjwa kwenye kusogea. Mfano wa kitu kilichochakaa humwelekeza kwenye kitanda.

Imani hujengwaje?

Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977, alieleza kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutokana na vyanzo vinne: kufaulu kwake mwenyewe katika jambo, kumwona mwenzake akifaulu, maneno ya kumshawishi, na namna anavyoifasiri hali ya mwili wake. Kati ya vyanzo hivyo, alikitaja cha kwanza kuwa chenye nguvu zaidi. Tutavieleza kwa kurejelea yaliyomfika mama yule baadaye.

Takriban mwaka mmoja baada ya kuacha tiba, jirani yake wa chama cha akina mama, ambaye naye alikuwa amelala kitandani kwa kiuno, alionekana akichuma chai tena. Mama alipomuuliza amefanyaje, jirani alimwonyesha zoezi la kuinuka kitini bila kushika kitu. Hicho ni chanzo cha pili. Mwenzake alikuwa mtu wa umri wake, wa kilima kilekile na kazi ileile. Mchoro wa kwenye karatasi haukuweza kumshawishi kama alivyomshawishi yeye. Kwa hiyo mama alikubali kurudi, safari hii kwa mtaalamu mwingine, kijana aliyezungumza naye kwa Kiswahili na kuchanganya Kigikuyu kidogo alichojifunza kazini. Mazungumzo yao, kama mama alivyoyasimulia, yalikuwa hivi:

"Mama, ni jambo gani ambalo ungependa sana kulifanya tena?"

"Kumbeba mjukuu wangu mgongoni, daktari."

"Ana uzito gani?"

"Kama kilo kumi hivi."

"Na leo, bila kuogopa, unaweza kubeba nini?"

"Labda pakiti moja ya unga."

"Basi dawa yako ni pakiti moja ya unga."

Pakiti ya unga ina kilo mbili. Mama aliagizwa aifunge kwa leso mgongoni na kuizunguka nyumba mara tatu, asubuhi na jioni, pamoja na mazoezi mawili mepesi ya kuinama na kuinuka. Baada ya wiki moja na nusu aliongeza pakiti ya pili. Tano zingekuwa kilo kumi. Hapa chanzo cha kwanza kinaonekana: kila pakiti ilikuwa ushahidi ambao hakuna mtu angeweza kumnyang'anya. Hakuhitaji kuamini maneno ya mtu mwingine, maana aliuhisi mzigo na kujiona bado amesimama.

Chanzo cha nne kilijitokeza wiki ya tano. Maumivu yalirudi kwa nguvu baada ya siku ya kupalilia. Tofauti na mara ya kwanza, alikuwa ameonywa. Mtaalamu alikuwa amemwambia mapema kwamba siku kama hiyo ingekuja, na kwamba maumivu yanayopanda kiasi kisha kushuka ndani ya saa 24 hivi kwa kawaida si dalili ya kuharibika. Alipaswa kupunguza mzigo, si kuacha. Alirudi kwenye pakiti mbili kwa siku tatu, kisha akaendelea. Maumivu yalikuwa yaleyale; fasiri yake ndiyo iliyobadilika.

Maneno ya kushawishi ni chanzo cha tatu, nayo yana nafasi yake, ila yana mipaka. "Jikaze, mama" ni kauli inayosikika sana, na methali zetu nyingi husifu uvumilivu. Lakini mtu anayeogopa kuvunjika hasaidiwi kwa kuambiwa avumilie. Husaidiwa kwa kupewa sababu ya kutoogopa.

Namna ya kuuliza

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Katika kutoa msaada, methali hii ni ya ukarimu. Katika tiba ya viungo, mgonjwa asiyeulizwa hataunywa uji huo.

Ugumu uko katika swali lenyewe. "Unaendeleaje?" ni salamu, na jibu lake ni salamu: "Tunamshukuru Mungu." Mtaalamu akiandika kwamba mgonjwa ana nafuu, ameandika adabu ya mgonjwa. Kumwomba ataje maumivu yake kwa tarakimu kutoka sifuri hadi kumi kuna manufaa, ingawa wazee wengi hujibu kwa kukisia. Mwaka 1995 watafiti wa Kanada walipendekeza njia nyingine: mgonjwa ataje shughuli chache, zisizozidi tano, anazoshindwa kuzifanya, kisha shughuli hizo ziwe ndizo kipimo. "Jana ulichota maji mara ngapi?" ni swali linalojibika. "Uliketi ibada nzima?" pia.

Vilevile lugha yetu ina utajiri wa maneno ya maumivu usiotumiwa. Mwaka 1975 Ronald Melzack alichapisha hojaji ya maumivu yenye maneno 78 ya Kiingereza yaliyopangwa katika makundi 20, kwa kuwa aligundua kwamba namna mtu anavyoyaeleza maumivu humsaidia tabibu. Kiswahili nacho kina kuchoma, kukata, kuwanga, kupwita, kuchonyota, kusokota, kufukuta, kukaza na kufa ganzi. Maumivu yanayochoma na kufa ganzi hadi mguuni huelekeza kwenye neva. Yanayokaza asubuhi na kulegea kadiri mtu anavyotembea huelekeza kwingine. Mgonjwa anayepewa maneno haya achague hujiona amesikilizwa, na kusikilizwa ndiko mwanzo wa kumwamini mtoaji wa tiba.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Zipo dalili ambazo haziruhusu kungoja wala kuongeza pakiti za unga: kushindwa kuzuia mkojo au choo, ganzi katika sehemu za siri na mapajani kwa ndani, mguu kupoteza nguvu, homa, kukonda bila sababu, historia ya saratani, au maumivu makali baada ya kuanguka. Mwenye dalili hizi amwone daktari upesi. Kumjengea mgonjwa imani hakumaanishi kumfanya apuuze onyo la kweli.

Nafasi ya Kiswahili

Katika miji ya Mlima Kenya lugha hukutana kwa namna ambayo mara nyingi husahauliwa. Mtaalamu aliyezaliwa Kakamega au Kilifi anaweza kufanya kazi Nyeri. Kerugoya na Murang'a kuna Kigikuyu kwa lahaja zake. Embu kuna Kiembu. Meru na Chuka kuna Kimeru na Kichuka. Nanyuki kuna wasemaji wa lugha za kaskazini pia. Elimu ya tiba imetolewa kwa Kiingereza. Kiswahili ndiyo lugha ambayo pande zote mbili zinaweza kukutania, hata kama kila upande unaifikia kwa kuchechemea.

Sheria iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Karatasi iliyokunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo haikutimiza sharti hilo.

Tunapendekeza mambo mawili kwa wanachama wenzetu. La kwanza ni kukusanya maneno ya maumivu kutoka vinywani mwa wagonjwa wenyewe, kwa ridhaa yao, na kuyalinganisha na istilahi za kamusi, ili ijulikane ni yapi yanayoeleweka. La pili ni kushirikiana na wataalamu wa tiba ya viungo kuandika maelezo mafupi ya mazoezi kwa Kiswahili chepesi, na kuyasoma mbele ya wazee kabla hayajachapishwa. Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji kusikiliza, jambo ambalo mafunzo ya fasihi simulizi yamekwisha kutuzoesha.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba mgonjwa anayeacha tiba ya viungo mara nyingi ametii maana aliyoipata katika maneno aliyoambiwa. Imeeleza tofauti kati ya maumivu na madhara, ikachunguza istiari zinazomkalisha mgonjwa, na kuonyesha njia ambazo kwazo imani hurejea: mfano wa mwenzake, maelezo yanayoeleweka, onyo la mapema kuhusu siku mbaya, na ufanisi mdogo mdogo anaoupima mwenyewe.

Mama hajapona kabisa. Kiuno chake bado humuuma, hasa siku za mvua na baada ya kazi nyingi, na kikapu chake sasa hukijaza nusu tu. Lakini alifika pakiti ya tano mwezi wa nne. Siku alipomfunga mjukuu mgongoni na kutembea naye hadi langoni, mtoto alikuwa amekua na kufikia kilo kumi na mbili. Mama alilalamika kwamba daktari hakulihesabu hilo, kisha akarudi nyumbani naye mgongoni.